Tufu ya volkano: jinsi ya kuitambua, kuipima na kujua kama inalipa ukiwa Dodoma

Ukisikia mtu anauza "jiwe la volkano" lililochimbwa Bahi au Chamwino, shika mfuko wako kwanza. Dodoma imekaa juu ya graniti na mawe ya ukoo wake, mwamba wa zaidi ya miaka bilioni 2, na hapa majivu ya volkano hayakurundikana kwa unene wa kuchimbwa. Yale mawe meupe yenye vitundu yanayoonekana kuelekea Bahi na Manyoni ni chokaa iliyoganda ardhini maji yalipokuwa yakikauka. Yana matumizi yake, lakini si tufu, yaani majivu ya volkano yaliyoshikamana yakawa mwamba, na hayafanyi kazi ya tufu.

Kwa mtu wa Dodoma, tufu ya karibu iko kaskazini, kwenye bonde la ufa: Mlima Hanang, mashimo ya mlipuko ya Basotu na Mlima Kwaraha ulio juu ya Babati. Kutoka Dodoma kupitia Kondoa na Babati hadi Katesh ni zaidi ya kilomita 300. Akiba zinazojulikana zaidi kwa kazi ya saruji ziko mbali kuliko hapo: Holili mkoani Kilimanjaro, na ukanda wa Rungwe mkoani Mbeya. Umbali huo ndio utakaoamua mambo mengi kwenye mwongozo huu, kwa hiyo uweke kichwani tangu sasa.

Majivu yanavyogeuka mwamba

Volkano inapolipuka, gesi iliyobanwa ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hutanuka ghafla na kuipasua vipande. Vipande vya chini ya milimita 2 huitwa majivu, vya milimita 2 hadi 64 huitwa lapili, na vya kuzidi hapo ni mawe makubwa na mabomu ya volkano. Rundo ambalo sehemu yake kubwa ni majivu likishikamana likawa mwamba, hiyo ndiyo tufu. Mawe mepesi yaliyojaa matundu ni pumisi yakiwa meupe au ya kijivu, na skoria yakiwa meusi au mekundu.

Mali iliyomo ndani ya majivu ni kioo. Magma iliyopoa kwa sekunde chache haipati muda wa kuunda fuwele, na silika yake hubaki bila mpangilio. Silika ya namna hiyo ikikutana na chokaa kwenye unyevu hushikana nayo na kutoa gundi ileile inayopatikana saruji inapokomaa. Mchanga wa mtoni nao ni silika, tena nyingi zaidi, lakini umejipanga kwenye fuwele na chokaa haiuwezi. Ndiyo maana cheti cha maabara kinachosema tu "silika asilimia 60" hakitoshi kukushawishi.

Namna majivu yalivyofika mahali ina maana kubwa kwa mchimbaji. Yaliyoanguka kutoka hewani hufunika vilima na mabonde kwa unene unaokaribiana, punje zake zinalingana, na tabaka hupungua unene kadiri unavyoondoka kwenye mlima. Hayo ni rahisi kukadiria. Yaliyoteremka kama wingu zito la moto hujaza mabonde, yamechanganyika vumbi na mawe, na mengine yalishikana yakiwa bado ya moto hadi yakawa jiwe gumu la kujengea. Ya tatu ni yale yaliyobebwa tena na mvua na mito: utaona mistari iliyolala mshazari, mchanga wa kwatsi na udongo ndani yake. Kwa saruji, haya ya tatu tunayaweka mwisho kabisa.

Baada ya kuzikwa, kioo hakitulii. Kikikaa kwenye maji ya ziwa la magadi hugeuka zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno vinavyonasa vitu. Kikipigwa na maji ya mvua kwa muda mrefu hugeuka udongo wa mfinyanzi, na hapo thamani yake kama pozolana, yaani unga unaoshikana na chokaa kwenye unyevu, inashuka sana. Majivu yenye kaboneti, kama ya ukanda wa Oldoinyo Lengai, hushikamana haraka yakilowa. Nyayo za Laetoli zilihifadhiwa hivyo, kwenye majivu ya miaka kama milioni 3.66 iliyopita yaliyonyeshewa na kuganda. Kuganda huko ni kwa chokaa yake yenyewe, na jiwe la namna hiyo huwa halina silika ya kutosha kuitwa pozolana hata likionekana gumu na zuri.

Tufu za kale sana nazo ziondoe kwenye hesabu. Kwenye ukanda wa dhahabu wa Nzega na Geita kuna majivu ya volkano ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, lakini kioo chake kilishakwisha zamani. Vilima vya Igwisi mkoani Tabora ni vichanga kijiolojia, ila ni kimberlaiti: magnesia nyingi, silika kidogo. Wanaovutiwa na mawe ya aina hiyo wanatafuta almasi.

Kuitambua shambani

Beba nyundo, sururu, lenzi ya kukuzia mara 10, chupa ya siki, ndoo ya maji, mizani ya kupima hadi gramu na kalamu ya wino usiofutika. Vunja jiwe kwanza. Uso wa nje umeshaliwa na jua na mvua na hautakuambia ukweli, kwa hiyo angalia sehemu mpya iliyopasuka.

Kwa lenzi, tufu nzuri inaonyesha unga laini wenye vimeremeta vya kioo, vipande vidogo vya pumisi vyenye nyuzi au matundu, na chembe chache za madini meusi. Ukiona punje za mviringo zilizosuguliwa na maji, hiyo ni mchanga uliochanganyika. Likwaruze kwa kucha: likiacha unga unaoteleza kama sabuni likilowa, udongo wa mfinyanzi umeshaingia. Unga ukikwaruza ncha za vidole kama msasa laini, kioo bado kipo.

Siki inafuata. Saga kidogo, mwagia, kisha sikiliza na utazame kwa dakika nzima. Likichemka kwa povu, kuna chokaa. Siki ni asidi dhaifu, ndiyo maana unasaga kwanza; ukiimwaga juu ya jiwe zima unaweza kukosa jibu. Asidi ya betri iache dukani. Inaunguza, na pia ikikutana na chokaa huacha jasi juu ya jiwe, povu likazimika mapema na wewe ukadhani jiwe halina chokaa.

Halafu tumbukiza kipande cha ukubwa wa ngumi, kilicho kavu, kwenye ndoo ya maji na ukiache usiku kucha. Kikielea ni pumisi. Kikizama huku kinatoa viputo vingi, kina matundu yaliyounganika. Asubuhi kikiwa kimekuwa tope chini ya ndoo, hakifai kujengea ukuta hata kidogo, na kwa pozolana kinahitaji mashaka makubwa. Kikiwa mzima na kingo zake zikiwa kali, endelea na vipimo.

Mizani na msumeno

Kata mche wenye pande za sentimita 10 sawasawa. Tufu nyingi zinakubali msumeno wa mbao uliochakaa, usitumie mpya. Mche huo ni lita moja kamili, kwa hiyo uzito wake kwa kilo ndio tani kwa kila mita ya ujazo. Tufu laini huangukia kati ya 1.0 na 1.8, wakati graniti ya Dodoma ni kama 2.65. Ukipata 2.3 kwenye jiwe unaloambiwa ni tufu, ama limeshikana kwa moto, ama limejaa chokaa, ama si tufu.

Ukiwa na mche huohuo, ukaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 kwa saa 24, upime, uuloweke saa 24, ufute maji ya juu kwa kitambaa chenye unyevu, upime tena. Mche mkavu wa gramu 1,400 ukifika gramu 1,750 baada ya kulowa, umenyonya 350, yaani asilimia 25. Kunyonya kwingi si dosari peke yake. Dosari ni jiwe kulegea likilowa. Peleka maabara michemraba 6, 3 ikandamizwe ikiwa mikavu na 3 ikiwa imelowa. Wastani wa nguvu ya iliyolowa ukiwa chini ya 0.7 ya mikavu, jiwe hilo lisikae chini ya usawa wa unyevu wa ukuta, na kwa nje lihitaji plasta au paa lenye upenu mrefu.

Kukadiria wingi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu huona ukingo wa korongo wenye tufu ya mita 5 wakadhani shamba zima liko hivyo. Chimba mashimo ya majaribio kwa nafasi ya mita 50 kwa 50. Kila shimo andika vitu vitatu: unene wa udongo wa juu, unene wa tufu, na kilichoko chini yake. Shimo likifika mita 1.5 bila kuta kushikiliwa, acha kuingia ndani, endelea kwa auga ya mkono, kekee ya kutoboa ardhi.

Tuseme eneo lina urefu wa mita 200, upana wa mita 150 na wastani wa tufu mita 4. Ujazo ni mita za ujazo 120,000. Kwa uzito wa tani 1.4 kwa mita, ni tani 168,000. Toa asilimia 30 kwa kingo zisizochimbika, nguzo za usalama, mifuko ya udongo na vumbi linalopotea. Zinabaki tani 117,600. Sasa tazama udongo wa juu. Ukiwa mita 1 juu ya tufu ya mita 4 ni sawa. Ukiwa mita 3, kila mita nne unazouza zinakudai uhamishe tatu usizouza, na kwa bidhaa ya bei ya chini kama hii hapo ndipo pa kukunja turubai.

Sampuli ichukuliwe kwa mfereji, siyo kwa kuokota. Safisha ukuta wa shimo, kisha chonga mfereji wa upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 5 kutoka juu hadi chini ya tabaka. Kila mita moja ya mfereji hutoa kama kilo 7. Tabaka likibadilika rangi au ukubwa wa punje, funga mfuko na uanze mwingine. Ponda vipande hadi ukubwa wa harage, vimwage kwenye turubai, tengeneza kichuguu, kigawe mara nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki na urudie hadi ubaki na kilo 2. Andika namba ya shimo, kina cha kuanzia na cha kuishia, tarehe na namba za GPS. Hifadhi nusu nyumbani, maana sampuli iliyopotea haina ushahidi.

Je, inashikana na chokaa?

Kabla ya kulipia maabara, fanya jaribio hili. Linahitaji siku 10 na gharama yake ni ndogo.

Saga tufu kavu hadi iwe laini kama podari, isikwaruze katikati ya vidole. Nunua chokaa ya unga iliyo freshi na uijaribu kwa siki: ikichemka kwa nguvu, imeshanyonya hewa ukaa na imekufa, rudisha. Changanya kwa uzito sehemu 1 ya chokaa na sehemu 2 za tufu, weka maji hadi iwe kama unga wa chapati, kisha jaza kwenye vikopo vidogo vilivyopakwa mafuta. Tengeneza vikopo vingine vya aina hiyohiyo, ila badala ya tufu weka mchanga wa mtoni uliosagwa laini vilevile. Bila hivyo vya kulinganisha, jaribio halina maana.

Funga vikopo kwa nailoni ili unyevu usitoke, viweke ndani ya ndoo yenye maji kidogo chini, ndoo ifunikwe na ikae mahali pa joto kwa siku 7. Vitoe, vitumbukize kwenye maji siku 3 zaidi. Vya mchanga vitasambaratika au kukatika kwa kidole. Vya tufu vikibaki vigumu, ukucha usiingie, kioo kipo na kinafanya kazi. Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kusaga kwa kubahatisha: tufu ileile iliyosagwa nusu huonekana mbovu. La pili ni kuacha vikauke. Kwenye upepo wa Dodoma kikopo kisichofungwa hukauka mchana mmoja, na mchanganyiko wa chokaa usio na maji haushikani tena, unasimama tu.

Ukipita hapo, peleka sampuli Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, ambayo makao yake yako Dodoma. Omba vipimo vitatu kwa majina: oksidi kwa XRF, madini kwa XRD (vyote viwili ni vipimo vya eksirei), na uzito unaopotea ukichomwa. Kigezo cha Marekani kinachotumika sana, ASTM C618, kwa pozolana ya asili kinataka jumla ya oksidi za silika, alumini na chuma isipungue asilimia 70, salfa trioksidi isizidi 4, unyevu usizidi 3 na uzito unaopotea kwa kuchomwa usizidi 10. Pozolana ikisagwa, kinachobaki kwenye chekeche ya mikroni 45 kisizidi asilimia 34.

Soma matokeo ukijua yametoka mlima gani. Mawe ya Hanang kwa sehemu kubwa ni nefelinaiti, yenye silika ya chini. Ukiwa na silika 42, alumini 13 na chuma 12, jumla ni 67, na umeanguka kabla ya kipimo cha nguvu. Majivu yaliyochanganyika na kabonataiti, mwamba wa volkano uliojaa kaboneti, huanguka pia kwenye uzito unaopotea, kwa sababu hewa ukaa yote hutoka ikichomwa. Pumisi za Rungwe zimetokana na magma yenye silika zaidi na huwa na nafasi nzuri. Hii haimaanishi Hanang haina cha kuuza. Ina maana usikimbilie mnunuzi wa saruji kabla ya karatasi ya maabara. Kwa XRD, tafuta ule mwinuko mpana usio na ncha: hicho ni kioo. Karatasi ikijaa ncha kali za madini ya fuwele kama feldspa na pairoksini, kioo ni kidogo.

Kipimo cha mwisho ni cha nguvu. Mota ya kawaida ni gramu 500 za saruji na gramu 1,375 za mchanga sanifu. Ya majaribio ni gramu 400 za saruji, gramu 100 za tufu iliyosagwa na mchanga uleule, maji yakirekebishwa hadi ulaini ulingane. Michemraba ya milimita 50 ikandamizwe siku ya 7 na ya 28. Tufu inapaswa kufikia angalau asilimia 75 ya mota ya kawaida. Tufu yenye matundu hudai maji zaidi. Ukilazimisha maji yaleyale mchanganyiko hauendi, ukiongeza bila kipimo nguvu inashuka na lawama inakwenda kwa jiwe.

Kila aina na soko lake

Pozolana ya kiwandani ndiyo soko kubwa. Kwa mgawanyo wa saruji unaotumika Afrika Mashariki, saruji ya CEM II/A-P hubeba pozolana asilimia 6 hadi 20, CEM II/B-P 21 hadi 35, na CEM IV/B hufika 55. Faida kwa kiwanda ni kupunguza klinka, kiini cha saruji kinachochomwa kwa nyuzi kama 1,450. Kiwanda hakinunui jiwe zuri peke yake, kinanunua jiwe lisilobadilika. Lori la kumi likiwa na unyevu au udongo tofauti na la kwanza, mkataba unakufa.

Fundi wa matofali anaweza kubadili asilimia 15 hadi 20 ya saruji kwa pozolana iliyosagwa vizuri, kwa masharti. Tofali halitakuwa na nguvu ileile siku ya 3, kwa hiyo lisibebwe mapema, na limwagiliwe na kufunikwa nailoni siku 14 badala ya 7. Anayeuza matofali yakiwa na siku tano aachane na jambo hili, au atarudishiwa mzigo wenye kona zilizovunjika. Angalia pia mfuko wa saruji anaotumia: ukiwa tayari una pozolana ya asilimia 30, kuongeza yako juu yake ni kujitafutia balaa. Kuhusu kusaga, kinu cha nyundo cha mahindi hutoa unga mnene na nyundo zake huliwa haraka. Kinachotakiwa ni kinu cha mipira ya chuma. Na kinu cha chakula kisiguswe kwa kazi hii, vumbi lake halitoki.

Jiwe la kukata linahitaji tabaka nene lisilo na nyufa. Nairobi imejengwa sana kwa tufu za namna hiyo, na machimbo ya Ndarugo karibu na Juja hukata kwa mashine za misumeno ya duara zinazotembea juu ya reli. Pima nafasi kati ya nyufa kabla ya yote: zikiwa karibu kuliko sentimita 60, vipande vizima vitakuwa vichache na utabaki unauza kifusi.

Skoria na pumisi hutoa tofali jepesi, sehemu 1 ya saruji kwa 8 za mawe hayo kwa ujazo. Yalowekwe usiku mzima na kuchujwa kabla ya kuchanganya, la sivyo yatanyonya maji ya saruji na tofali litavunjika kama biskuti. Skoria pia ni kifusi kizuri cha barabara za mashambani, kwa sababu hupitisha maji.

Zeolaiti ina bei nzuri kuliko zote, na maneno mengi ya uongo kuliko zote. Usiuze kwa jina hilo bila XRD na kipimo cha uwezo wa kubadilishana kationi, yaani chembe zenye chaji chanya. Wanunuzi huanza kusikiliza kuanzia miliekwivalenti 100 kwa gramu 100. Hunasa amonia na metali nzito, hivyo inafaa mabanda ya kuku, mabwawa ya samaki na vichujio. Floraidi, inayosumbua visima vingi vya Singida na Arusha, haiinasi ikiwa ghafi, kwa kuwa floraidi na zeolaiti zote zina chaji hasi.

Hesabu ya lori

Weka bei zako badala ya hizi. Hapa ni mfano wa kuonyesha njia. Tuseme kuchimba na kupakia ni shilingi 12,000 kwa tani, na usafiri ni shilingi 150 kwa tani kwa kilomita. Kutoka Katesh, kilomita 325, usafiri peke yake ni shilingi 48,750 kwa tani, mara nne ya thamani ya jiwe lenyewe.

Jiwe la kukata la sentimita 23 kwa 23 kwa 40, lenye uzito wa tani 1.5 kwa mita ya ujazo, lina kilo 32 hivi. Usafiri wake hadi Dodoma ni kama shilingi 1,550, kabla ya kulipa aliyelikata. Linganisha na bei ya tofali la saruji mtaani kwako na utaona kwa nini jiwe la kukata halivuki umbali huu, ila kwa kuta za mapambo. Pozolana inavuka, kwa sababu inashindana na saruji kwa kilo na siyo na mchanga. Lakini lori la tani 30 lenye unyevu wa asilimia 15 limebeba tani 4.5 za maji, na umelipia maji hayo shilingi 219,375. Kausha machimboni kwenye turubai kwa unene wa sentimita 5, ukigeuza mara tatu kwa siku, miezi ya kiangazi. Kisha pima: gramu 1,000 zikikaushwa zikabaki 970, ndiyo unyevu wa asilimia 3. Malori yanayopeleka bidhaa Katesh na kurudi matupu hukubali bei ya chini zaidi. Panga mzigo uwe tayari kabla hayajafika, maana dereva hasubiri tufu ikauke.

Leseni, vumbi na kuta za shimo

Uchimbaji mdogo unahitaji leseni ndogo kutoka Tume ya Madini, hutolewa kwa Watanzania kwa miaka 7 na huweza kuhuishwa. Kabla ya kuomba, angalia ramani ya leseni kama eneo liko wazi, zungumza na serikali ya kijiji na mwenye shamba, na thibitisha haliko kwenye hifadhi: msitu wa Mlima Hanang ni hifadhi. Mpango wa kulinda mazingira unatakiwa, na mrabaha na ada ya ukaguzi viingie kwenye bei ya tani tangu siku ya kwanza. Kwa mawe yenye kabonataiti omba pia kipimo cha mionzi kutoka Tume ya Nguvu za Atomiki, kwa kuwa huwa na toriamu.

Tufu laini huchimbika kirahisi, na urahisi huo ndio unaoua. Watu hula chini ya tabaka gumu kwa sababu chini ni laini, paa linabaki linaning'inia, siku moja linashuka. Chimba kutoka juu kwa ngazi za mita 1.5, na usisimame chini ya ukuta baada ya mvua. Mnamo 3 Desemba 2023 sehemu ya miteremko ya Hanang iliyolowa iliporomoka na tope likaingia Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Miteremko ya majivu na mawe yaliyooza ikijaa maji haitoi onyo refu, kwa hiyo kambi na rundo la mawe viwe mbali na njia za korongo.

Vumbi lake ni la kuogopwa kweli. Kitambaa puani hakisaidii. Vaa barakoa ya FFP2 au N95 na ukate kwa maji. Kwenye tufu zilizokaa kwenye maziwa ya magadi kunaweza kuwa na erionaiti, zeolaiti ya nyuzi. Vijiji vya Kapadokia nchini Uturuki, kama Karain na Tuzköy, vilipata saratani ya utando wa mapafu kwa wingi kutokana nayo. XRD ikiitaja, simamisha kazi hata kama bei ni nzuri.

Mnunuzi akiomba sampuli ya kuanzia, mpe ya wastani wa tabaka zima, siyo ile nyeupe nzuri ya katikati. Atakayokataa leo ni kilo 2, na ukimpa nzuri pekee atakachokataa baadaye ni lori la tani 30 lililokwisha kulipiwa usafiri.